Jina Moja, Watu Wawili: Nani Athibitishe Kwamba Dereva Amefungiwa?

Majuma mawili yaliyopita, katika semina yangu ya historia ya sheria, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alisimama akauliza: "Mwalimu, trafiki akinisimamisha barabarani, ni mimi ninayetakiwa kuonyesha leseni. Lakini akinishtaki kwamba mahakama ilikwisha kunifungia kuendesha, unatuambia ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha. Si jambo lilelile? Katika kesi zote mbili sina ruhusa ya kuendesha." Nilimpa jibu la kitabuni, wenzake wakaliandika, tukaendelea na mada. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba nimemdhulumu. Swali lake lina historia ndefu kuliko jibu langu, na historia hiyo ilipita mlangoni kwetu nilipokuwa kijana, ingawa wakati huo sikujua jina lake.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa dereva wa lori katika miaka ya 1980. Alibeba mbolea na saruji kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Tunduma, akirudi na mahindi. Jina lake la kwanza lilikuwa la mtume na la pili la siku ya juma, na msomaji wa Pwani au wa Tabora anajua kwamba majina ya namna hiyo mtaani kwetu ni mengi kama milango. Siku moja alisimamishwa kwenye kizuizi, akatoa leseni, askari akalisoma jina, akaenda kuzungumza na mwenzake, akarudi na pingu. Palikuwapo hati ya mahakama ya wilaya fulani iliyoonyesha kwamba mtu mwenye jina hilo alipatikana na hatia ya kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo, akafungiwa kuendesha chombo cha moto kwa miaka mitatu. Mjomba akashtakiwa kwa kuendesha akiwa amefungiwa.

Alisema si yeye. Akaambiwa athibitishe kwamba si yeye. Tafakari, ndugu msomaji, utaanzia wapi. Utaleta hati gani inayosema kwamba siku fulani, katika mji ambao hujawahi kulala, hukusimama kizimbani? Kesi iliahirishwa mara nne. Nitarudi kwake mwishoni, kwa kuwa kilichomwokoa ni swali moja la hakimu, na swali hilo halikuzuka hewani.

Chimbuko la mambo haya si barabara. Ni misitu ya Uingereza, kwenye ndege wa kuwindwa na sungura wa porini. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1671 ilisema kwamba asiye na sifa zilizotajwa haruhusiwi kuwinda. Sifa zenyewe zilikuwa za mali na ukoo: uwe na ardhi yako yenye kipato cha pauni 100 kwa mwaka, au ardhi ya kukodi kwa muda mrefu yenye kipato cha pauni 150, au uwe mrithi wa mtu mwenye cheo, na kadhalika. Mwaka 1816 mchukuzi wa mizigo alikutwa na sungura na ndege wa aina hiyo, akatiwa hatiani. Wakili wake akasema mbele ya majaji wakuu kwamba upande wa mashtaka haukuleta ushahidi wowote kuwa mteja wake hana sifa. Majaji, wakiongozwa na Jaji Mkuu Lord Ellenborough, walikataa hoja hiyo. Walisema sifa ziko takribani kumi. Kumtaka mshtaki azikanushe moja baada ya nyingine ni kumtaka lisilowezekana, ilhali mwenye sifa anaweza kuionyesha mara moja. Jambo lililomo ndani ya ujuzi wa mtu mmoja, basi mtu huyo ndiye alithibitishe.

Ukiisoma hukumu hiyo juujuu utaiona ni ya busara. Lakini tazama nani alikuwa akishtakiwa. Mwenye shamba la pauni 100 hakusimamishwa njiani akiulizwa ardhi yake iko wapi. Aliyesimamishwa alikuwa mchukuzi, kibarua, mtu aliyebeba gunia. Kanuni ya ushahidi ilijengwa juu ya sheria iliyodhani tangu mwanzo kwamba mtu wa hali ya chini hana ruhusa mpaka aonyeshe vinginevyo. Mwaka 1831 Bunge liliziondoa zile sifa za mali katika uwindaji. Kanuni ya ushahidi iliyozaliwa kwa ajili yake ikabaki hai, ikatafuta kazi nyingine.

Na kazi ilipatikana. Sheria ya mwaka 1848 kuhusu mahakama za mahakimu iliiandika kanuni hiyo kwa jumla: pale sheria inapokataza jambo isipokuwa kwa mwenye ruhusa au msamaha, mshtakiwa ndiye aonyeshe kwamba anayo ruhusa hiyo. Sheria zilizofuata ziliirithi, na leo imo katika kifungu cha 101 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Uingereza ya mwaka 1980. Sheria ya magari ya mwaka 1903 ilipowataka madereva wawe na leseni kuanzia Januari 1904, kwa ada ya shilingi tano na bila mtihani wowote wa kuendesha, chombo cha kuwashtaki wasio nayo kilikuwa tayari kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1935 ni mwaka wa ajabu katika habari hii. Juni mwaka huo mtihani wa udereva ulikuwa wa lazima nchini Uingereza. Majuma machache kabla yake Baraza la Malodi lilitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria katika nchi zetu huikariri. Woolmington, kibarua wa shambani mwenye umri wa miaka 21, alimpiga mkewe risasi mwezi Desemba 1934. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya alipokuwa akimtishia kwamba atajiua. Kesi ya kwanza, Taunton, wazee wa baraza hawakukubaliana. Ya pili, Bristol, jaji aliwaambia kwamba ikithibitika mshtakiwa ndiye aliyemuua marehemu, basi ni juu yake kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Lord Sankey na wenzake waliitengua hukumu hiyo, wakasema kwamba katika sheria ya jinai ya Kiingereza ni wajibu wa mashtaka kuthibitisha hatia, na ikibaki shaka ya maana mshtakiwa aachiliwe.

Sehemu hiyo huisomwa kwa sauti madarasani. Sehemu isiyosomwa ni kwamba Lord Sankey aliacha milango miwili: utetezi wa wendawazimu, na pale ambapo sheria ya Bunge inasema vinginevyo. Kupitia mlango wa pili wakapita wenye magari, wenye baa, wenye bunduki, wachuuzi. Yaani karibu kila mtu ambaye maisha yake ya kila siku yanategemea kibali. Mwaka 1955 dereva mmoja alishtakiwa kwa kuendesha bila leseni. Hakufika mahakamani. Ushahidi pekee uliotolewa ni kwamba alikuwa akiendesha. Mahakimu wakaona hapana ushahidi kwamba hakuwa na leseni, wakamwachilia. Mahakama ya juu ikasema wamekosea: kuthibitisha kwamba unayo leseni ni kazi yako.

Ukitaka kuona jinsi kanuni ilivyosahau sababu yake, soma kesi ya mwaka 1974 ya mtu wa Brixton, London, aliyeshtakiwa kwa kuuza pombe bila leseni. Wakili wake alitoa hoja nzuri: leseni za pombe huandikwa katika daftari la karani wa mahakama, na polisi wangeweza kulifungua wakatazama. Basi jambo hili halimo ndani ya ujuzi wa mteja wangu peke yake. Mahakama ya Rufani ilipitia historia yote, ikiwamo kesi ya mchukuzi wa 1816, ikajibu kwamba kanuni haitegemei nani anajua nini. Inategemea namna sheria ilivyoandikwa. Sheria ikisema "hairuhusiwi isipokuwa", basi mzigo ni wa mshtakiwa, daftari liwepo lisiwepo. Nakiri kwamba kila nikiifundisha hukumu hii hunipanda hasira kidogo. Tuliambiwa mwanzoni kwamba mzigo unahamia kwa mshtakiwa kwa kuwa ni yeye tu ajuaye. Ilipoonekana kwamba serikali nayo inajua, tukaambiwa kujua hakukuwa sababu.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Kufungiwa kuendesha hakufanani na kutokuwa na leseni, na tofauti yake haiko kwa dereva. Mtu asiye na leseni amekosa kitu ambacho angepaswa kukitafuta. Mtu aliyefungiwa ametendewa kitu: siku fulani, katika chumba fulani, hakimu mwenye jina na muhuri alitamka amri dhidi yake. Zuio ni tendo la dola, na dola huandika matendo yake. Hapa sheria haisemi "hairuhusiwi isipokuwa". Inasema kwamba ni kosa kwa mtu aliyefungiwa kuendesha. Kufungiwa ni kiini cha kosa. Ndiyo maana mahakama za Uingereza zimeshikilia kwamba upande wa mashtaka uthibitishe mambo matatu kwa kiwango kilekile cha kesi ya mauaji: kwamba mshtakiwa aliendesha barabarani, kwamba palikuwapo zuio lililokuwa bado halijaisha, na kwamba aliyezuiwa ndiye huyu aliyesimama kizimbani.

Uzito wa jambo unaonekana zaidi ukikumbuka adhabu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uingereza ya mwaka 1930 ilifanya kifungo kuwa adhabu ya kawaida ya kosa hili, na faini kuwa ya pale tu penye hali maalumu. Hata leo, chini ya kifungu cha 103 cha sheria ya mwaka 1988, mtu anaweza kufungwa hadi miezi sita huko Uingereza na Wales. Asiye na leseni hutozwa faini. Aliyefungiwa hukabiliwa na jela.

Jambo la tatu, la utambulisho, ndilo lililozua mabishano makubwa. Sheria ya ushahidi wa jinai ya mwaka 1984 iliruhusu hukumu ya zamani ithibitishwe kwa hati yenye muhuri wa mahakama, lakini ikaongeza sharti: pathibitike pia kwamba anayetajwa katika hati ndiye mshtakiwa. Mwaka 1996, katika kesi iliyotoka kaskazini mwa Uingereza, mahakimu walimtia mtu hatiani kwa sababu tu maelezo yake yalifanana na yaliyomo katika hati. Mahakama ya juu iliitengua hukumu yao. Ikataja njia tatu za wazi za kuthibitisha: mshtakiwa akiri mwenyewe, au alama za vidole zilinganishwe, au aje shahidi aliyekuwapo mahakamani siku ile ya kwanza aseme, huyu ndiye.

Nilipoisoma hukumu hiyo kwa mara ya kwanza, maktabani, nikiwa mtu mzima mwenye shahada, nilifunga kitabu. Ile njia ya tatu niliwahi kuisikia kwa Kiswahili, barazani kwa bibi, kutoka kwa mjomba.

Lakini sheria haikukaa hapo. Majaji wa Kiingereza walianza kusema kwamba njia zile tatu si ukuta, ziko nyingine. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ilizipanga kanuni upya. Mzigo, ilisema, unabaki kwa mashtaka, na kiwango hakishuki. Hata hivyo, kufanana kwa jina, tarehe ya kuzaliwa au anwani kunaweza kutosha kuwa ushahidi wa awali, hata kama jina lenyewe si la nadra. Ushahidi huo ukiwapo, na mshtakiwa asiposema neno, mahakama inaweza kumtia hatiani. Na ukimya wake waweza kuhesabiwa dhidi yake. Kwa maneno mengine, mzigo haujahama, ila umesogezwa hadi kizingitini pa mshtakiwa.

Siwalaumu sana majaji hao. Walikuwa wamechoka na mawakili waliokaa kimya mpaka ushahidi wa mashtaka ufungwe, kisha wakasimama kusema haijathibitishwa kwamba mteja wao ni yeye, ilhali kila mtu chumbani alijua ni yeye. Katika nchi yenye tarehe za kuzaliwa zilizosajiliwa tangu siku ya kwanza, na namba ya nyumba kwa kila mlango, kufanana kwa vitu vitatu ni jambo zito kweli. Ninachosema ni kwamba hoja hiyo haivuki bahari bila kupimwa. Kwetu, watu wangapi wa kizazi cha mjomba walizaliwa "tarehe 1 Januari" kwa sababu karani alihitaji kujaza nafasi? Anwani zetu zilikuwa sanduku la posta la shule, la misheni au la tajiri. Wanaume ishirini wa mtaa mmoja waweza kufanana kwa jina, kwa mwaka na kwa sanduku la posta, na wasifanane kwa lolote jingine.

Kuna upande mwingine wa shilingi ambao mwanafunzi wangu hakuuliza. Mashtaka yakithibitisha mambo matatu, je, yathibitishe pia kwamba mtu alijua amefungiwa? Uingereza ilijibu hapana tangu mwaka 1952. Kutojua si utetezi. Huenda kukapunguza adhabu, basi. Kwa mtu aliyesimama kizimbani akaisikia amri kwa masikio yake, jibu hilo halina ubaya. Lakini zuio jingine hutolewa mtu hayupo, au huanza lenyewe kwa nguvu ya sheria, na taarifa hutumwa kwa barua. Barua hupotea.

Kanada ndiko swali hili lilikofikishwa mwisho wake. Jimbo la British Columbia lilitunga sheria iliyosema waziwazi kwamba aendeshaye akiwa amezuiwa ana hatia mara tu ikithibitishwa kwamba aliendesha, awe alijua asijue. Na kwa kosa la kwanza kifungo kisipungue siku 7. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa kalamu ya Jaji Lamer, iliibatilisha. Ilisema kumpeleka mtu jela bila kujali kama ana kosa lolote moyoni au katika mwenendo wake ni kinyume cha misingi ya haki iliyolindwa na Hati ya Haki na Uhuru ya nchi hiyo. Mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema mwaka 1978, katika kesi ya uchafuzi wa maji, kwamba iko njia ya katikati: mashtaka yathibitishe tendo, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuonyesha, si bila shaka bali kwa mizani ya uwezekano, kwamba alichukua tahadhari zote za mtu makini. Lakini mwaka 1995, zuio la British Columbia lililoanza lenyewe bila taarifa lilipofika tena mbele yao, majaji waligawanyika. Walio wengi walisema sheria isimame, ila mtu asifungwe jela kwa kosa la namna hiyo. Faini kwa asiyejua, ndiyo, gereza, hapana. Ni mapatano, na mapatano hayamfurahishi mtu, lakini angalau yaliuliza swali ambalo kwingine halijaulizwa.

Na sisi je? Sheria yetu ya ushahidi haikutoka London moja kwa moja. Ilipitia India. Mwaka 1872 Mwingereza James Fitzjames Stephen aliandika Sheria ya Ushahidi ya India, na watawala wa kikoloni wakaileta Afrika Mashariki ikatumika Kenya na Tanganyika mpaka nchi hizi zilipotunga za kwao: Kenya mwaka 1963, Tanzania mwaka 1967. Kifungu cha 106 cha sheria ya India kilisema kwamba jambo lililomo hasa ndani ya ujuzi wa mtu, mzigo wa kulithibitisha ni wake. Stephen alipenda kuweka mifano chini ya vifungu. Mfano mmoja ni huu: mtu ameshtakiwa kwa kusafiri kwa reli bila tiketi, mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na tiketi ni wake. Mchukuzi wa mwaka 1816 amepanda treni.

Katika ardhi ya koloni mfano huo haukubaki mfano. Kenya ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akatakiwa abebe kipande, aghalabu ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyomkusanyia Harry Thuku watu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Askari hakuhitaji kuthibitisha kwamba umetoroka kwa mwajiri. Wewe ulihitaji kuthibitisha kwamba hukutoroka, kwa kufungua kikopo. Wazee wetu walijifunza sheria ya ushahidi shingoni kabla ya sisi kuisoma vitabuni, na nadhani hiyo ndiyo sababu hata leo askari akituambia "thibitisha" tunapapasa mifuko kwanza, ndipo tukafikiri kama anayo haki ya kututaka hivyo.

Kwa haki, mahakama zenyewe za kifalme ziliona hatari. Mwaka 1936 Baraza la Faragha la Mfalme, likisikiliza rufaa kutoka Ceylon, lilionya kwamba kifungu cha 106 hakimwondolei mshtaki wajibu wa kuthibitisha kosa. Kumwambia mshtakiwa "unajua kilichotokea, basi tueleze" ni kuipindua sheria. Onyo hilo limeachia alama katika sheria zetu. Kifungu cha 111 cha sheria ya Kenya na cha 114 cha sheria ya Tanzania vinaurudia ule mzigo wa mambo yaliyomo ndani ya ujuzi wa mshtakiwa, lakini vinaongeza kwamba mashtaka hayapunguziwi wajibu wa kuthibitisha kila kinacholiunda kosa, na kwamba ushahidi ukiacha shaka ya maana juu ya hatia, mshtakiwa aachiliwe. Juu yake ziko Katiba: Ibara ya 13(6)(b) ya Tanzania, na ya 50(2)(a) ya Kenya.

Kwa hiyo jibu ambalo ningempa mwanafunzi wangu, kama angenivumilia kwa saa nzima, ni hili. Kwa leseni, sheria inakutaka utoe karatasi uliyo nayo, na ingawa historia ya kanuni hiyo ni chafu, mzigo wake ni mwepesi, mfuko unatosha. Kwa zuio, karatasi iko kwa serikali. Ikikutaka wewe uthibitishe kwamba haipo, au kwamba si yako, inakutaka uthibitishe kutokuwapo kwa kitu kilichofungiwa katika kabati lake. Nami naenda hatua moja zaidi ya majaji wa 1974: siku hizi leseni zetu zimo katika kumbukumbu za kompyuta, na askari ana kifaa mkononi kinachomwonyesha madeni ya faini ya gari lako kabla hujazima injini. Ile sababu ya 1816, kwamba mshtaki hawezi kujua, imekwisha hata kwa leseni yenyewe. Wenzangu wa idara ya sheria wananiambia ninakwenda mbali mno, kwamba mahakama za mwanzo zitakwama kwa mafaili. Huenda. Ila naona ajabu kwamba mfumo unaokumbuka faini ya shilingi elfu thelathini usiweze kukumbuka kama ulinipa leseni.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa makarani wa mahakama, nina neno kwenu, nalo si la nadharia. Anapofungiwa mtu kuendesha, amri iandikwe pamoja na alama za vidole, namba ya kitambulisho na namba ya leseni, si jina tu; na aliyefungiwa asaini kwamba ameambiwa. Ni dakika tano. Bila dakika hizo, miaka miwili baadaye ama mwenye hatia ataachiliwa, ama mwenye jina lake atafungwa.

Mara ya tano kesi ya mjomba ilipotajwa, hakimu alikuwa mpya. Alisoma faili, akamgeukia askari mwendesha mashtaka. Mjomba alikuwa akiigiza sauti zote mbili alipotusimulia. "Katika mashahidi wako, yupi alikuwapo siku mtu huyu alipofungiwa?" "Mheshimiwa, hayupo, ila jina ni lake." "Jina ni la wengi. Nauliza mtu." Mwendesha mashtaka akaomba ahirisho. Hakimu akakataa, akamwachilia mjomba saa sita kasoro mchana.

Lori lilikwisha kupewa dereva mwingine. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Mahindi hayangoji mahakama. Mjomba alikaa mwaka na nusu akifanya kazi ya kuli sokoni kabla ya kupata gari jingine, dogo, la kubebea maji. Nilipoanza chuo kikuu nilimtembelea, nikamweleza kwa fahari ya kijana kwamba hakimu yule alikuwa sahihi kisheria, kwamba hakupaswa kuthibitisha chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Naam, mjomba," akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa nakala ya hukumu ya kuachiliwa kwake, imekunjwa mara nne, imevalishwa mfuko wa nailoni uliochomwa kwa mshumaa ili maji yasiingie. Alikuwa akiibeba pamoja na leseni kila siku alipotoka, kwa kuwa yule mwenzake wa jina hakuwahi kupatikana, na zuio la miaka mitatu, kwa hesabu ya mjomba, lilikuwa limekwisha muda mrefu. Lakini askari wa kizuizini, alisema, hahesabu miaka, anasoma jina.